Namna ya Kutunza Leja ya Siku: Hewa, Mwezi, Kumbukumbu na Fikra

Kabla ya kalenda za ukutani kuingia majumbani, mabaharia na wakulima wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na hesabu yao ya mwaka iliyoanzia siku ya Nairuzi. Walizihesabu siku kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo walijua lini watazamie kusi, upepo wa kutoka kusini, na lini waingize mbegu ardhini. Hesabu hiyo ilijengwa na watu waliotazama mbingu na bahari kila siku na kukumbuka walichokiona. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa kalamu: kutunza leja ambayo kila siku huingizwa hali ya hewa, siku ya mwezi, sikukuu iliyoangukia tarehe hiyo, jambo moja la historia, na fikra za mwenye leja. Yangu naitunza hapa Unguja tangu Januari 2020, kwa hiyo mifano mingi ni ya kisiwani. Aliyeko Lamu, Tanga au Bagamoyo hatabadilisha mengi, na aliyeko bara ataondoa bahari na kuweka mto au ziwa lake.

Sharti moja litajirudia katika hatua zote, nalo ni kwamba uliyoyaona mwenyewe yasichanganywe na uliyoyasikia au kuyasoma. Nunua kalamu mbili. Mimi huandika niliyoyaona kwa wino mweusi na niliyoyapokea kwa wino wa buluu, hata kama niliyeyapokea kwake ni mtu ninayemwamini kuliko macho yangu.

Hatua ya kwanza: kuiandaa leja

Tafuta kaunta buku lenye jalada gumu na kurasa zisizopungua 366. Kama duka la vifaa vya shule halina nene kiasi hicho, nunua mawili, moja la Januari hadi Juni na jingine la Julai hadi Desemba. Juu ya kila ukurasa andika tarehe na mwezi bila kutaja mwaka, kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba, wala usiiruke 29 Februari. Kisha ugawe kila ukurasa kwa rula upate vyumba vitano, kila chumba kikiwa cha mwaka mmoja.

Mpangilio huu ndio unaoipa leja thamani. Wengi huanza na shajara ya kawaida inayokwenda siku baada ya siku, na baada ya miaka mitatu hawana subira ya kufunua madaftari matatu ili wajue kama tarehe 20 Machi ya mwaka juzi masika yalikuwa yamekwisha kuingia. Katika leja ya vyumba jibu liko juu ya mstari unaouandika, na kila jioni unapoandika habari ya leo unalazimika kuziona habari za leo za miaka iliyopita. Chumba ni kidogo, mistari mitano au sita tu, na udogo huo ni wa makusudi, kwa sababu anayejiwekea ukurasa mzima kila siku huchoka kabla ya Ramadhani ya kwanza.

Hatua ya pili: kuiandika tarehe

Hapa ndipo wengi huteleza bila kujua, kwa kuwa sisi tunaishi ndani ya kalenda zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Katika kila chumba anza na mwaka, jina la siku, kisha tarehe ya mwezi mwandamo. Miezi hiyo iandike kwa majina utakayoyasoma bila kusita. Wazee wa pwani huihesabu kuanzia Idi, kwa hiyo Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Pili na Mfungo Tatu hufuata, na hesabu huendelea hadi Mfungo Tisa, kabla ya Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo tarehe zake hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika ukurasa mmoja wa leja utaiona Ramadhani ikipita kama msafiri anayekwenda kinyume na wengine.

Jambo la kuamua mapema, na kuliandika katika ukurasa wa mwanzo ili usilisahau, ni siku yako inaanza saa ngapi. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, na ndiyo maana mzee akikuambia kwamba mvua kubwa ilinyesha usiku wa Ijumaa, huenda anakusudia usiku ambao kijana wake angeuita Alhamisi usiku. Redio hujiokoa kwa kusema usiku wa kuamkia Ijumaa, nami nakushauri uutumie msemo huo kila unapoandika habari ya usiku. Hata majina yenyewe ya siku yana mambo yake: Jumatano ni siku ya tano kwa hesabu yetu inayoanzia Jumamosi, na Alhamisi inayofuata nayo ni ya tano, ila kwa hesabu ya Kiarabu, hivyo tuna siku mbili za tano katika wiki moja na hakuna aliyewahi kuchelewa kazini kwa sababu hiyo.

Saa nazo ziandike kwa Kiswahili kitupu, saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri. Usichanganye na tarakimu za simu, kwani baada ya miaka minne hutakumbuka kama saa 9 uliyoiandika ilikuwa ya asubuhi kwa hesabu ya simu au ya alasiri kwa hesabu ya kwetu.

Hatua ya tatu: kupima hewa

Anza na mvua, kwa sababu kipimo chake kinaweza kutengenezwa nyumbani na kikawa sahihi kuliko watu wanavyodhani. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, ikate sehemu ya bega, kisha kigeuze kipande cha juu ukipachike ndani ya mdomo wa chupa kama mrija, ili maji yasikauke kwa jua wala majani yasiingie. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo tia kokoto na maji mpaka ufikie mahali ambapo ubavu umenyooka, chora mstari hapo uwe sifuri, na kuanzia mstari huo ubandike rula ya milimita. Kila baada ya kupima mwaga na ujaze tena hadi sifuri. Kipimo kiwekwe mahali pa wazi, mbali na ukuta na miti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, na mdomo wake uinuliwe angalau sentimita 30 ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie.

Asiyepata chupa iliyonyooka anaweza kutumia chombo chochote chenye mdomo wa mviringo, akapima maji kwa bomba la sindano na kufanya hesabu. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja juu ya kila mita moja ya mraba. Mdomo wenye kipenyo cha sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba zipatazo 78.5, hivyo kila mililita 7.85 zilizoingia ni milimita moja ya mvua, na ukikuta mililita 157 jua kwamba imenyesha milimita 20. Pima kila siku saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa vya eneo letu. Maji unayoyakuta saa hiyo ni ya saa 24 zilizopita, kwa hiyo amua mara moja kama utayaandika katika chumba cha jana au cha leo, na usibadilishe tena.

Joto lisipimwe bila kipimajoto. Ukiwa nacho, kiwe kivulini, kimo cha mita moja na nusu hivi, upepo ukipita na bila kugusa ukuta uliopigwa na jua. Usipokuwa nacho, usikisie nyuzi. Andika kile mwili ulichokifanya. Mstari wa “usiku wa kuamkia leo nimejifunika shuka” una maana zaidi kwa msomaji wa kesho kuliko nyuzi 24 za kubahatisha, na ukiufuata mwaka hadi mwaka utajua kipupwe huingia lini nyumbani kwako, si katika kituo kilichoko uwanja wa ndege.

Upepo hutaka vitu viwili, jina na nguvu. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hutawala takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Kati yake kuna maleleji, siku ambazo pepo hubadilishana na bahari hulala, nazo ndizo za kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu hazina tarehe maalumu. Andika siku ya kwanza uliyouona upepo ukitoka upande mpya, na siku ya mwisho uliyouona ukitoka upande wa zamani, kwani mara nyingi utaona zimepishana kwa wiki mbili au zaidi. Nguvu ya upepo ipime kwa ishara zisizobadilika: moshi unaopanda wima, majani yanayotikisika, makuti yanayolala upande mmoja, mnazi mzima unaoyumba. Mabaharia wa Uingereza walipewa ngazi za namna hii na Francis Beaufort mwaka 1805, kuanzia sifuri hadi 12, nawe unaweza kutunga zako nne au tano mradi uziandike katika ukurasa wa mwanzo. Mawingu yakadirie kwa sehemu nane za mbingu. Sehemu tatu za nane ni mbingu yenye mawingu ya wastani, nane za nane ni mbingu iliyofunga.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania uandike pia, ila kwa wino wa buluu, na siku inayotabiriwa kabla haijafika. Wapo wanaouandika baadaye, wakakumbuka tu ule uliokosea.

Hatua ya nne: bahari na mwezi

Ukishaijua tarehe ya mwezi, bahari itakuwa nusu imekwisha kujiandika. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, huangukia mnamo tarehe 8 na 22 za mwezi. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Hapa Unguja, wakati wa bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, ndiyo maana wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani huonekana mbali kabisa na ufuo katika saa hizo na siku hizo. Andika kama maji yamevuka alama uliyoichagua, ngazi ya gati au jiwe fulani, kwani alama moja inayoangaliwa miaka mitano inashinda maelezo marefu.

Asiyeishi karibu na maji anaweza kuisoma bahari sokoni. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi wengi hupumzika. Kusi ikichafuka, vyombo vidogo haviondoki. Bei ya fungu moja la dagaa ikiandikwa kila Jumamosi itakuonyesha mwezi na upepo bila wewe kutazama juu.

Hatua ya tano: sikukuu na kumbukumbu

Zile zenye tarehe isiyosogea zijaze zote mara moja, mwanzoni, juu ya ukurasa na nje ya vyumba: Mapinduzi 12 Januari, Muungano 26 Aprili, Saba Saba 7 Julai, ambayo tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 ni pia Siku ya Kiswahili Duniani, kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere 14 Oktoba, na Uhuru 9 Desemba. Aliyeko Kenya ataweka Madaraka, Mashujaa na Jamhuri.

Zinazofuata mwezi usizijaze mapema. Ziandike siku yenyewe, na hapo ule wino wa rangi mbili ndio utakaokuokoa, kwa sababu kuna wanaofunga na kufungua kwa mwezi ulioonekana nchini na kuna wanaofuata mwezi ulioonekana kwingine, na mtaa mmoja unaweza kuwa na Idi mbili. Leja si mahali pa kuamua nani yuko sahihi. Andika kwamba ulipanda darini magharibi na hukuona kitu, kwamba tangazo lilitoka saa fulani usiku, na kwamba jirani walisali kesho yake. Mwaka 2021 niliandika “mwezi umeandama” kwa wino mweusi kwa kutegemea ujumbe wa simu, na mpaka leo sijui kama nilitoka nje kuutazama.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya inayoadhimishwa katika nusu ya pili ya Julai, ni mtoto wa ile hesabu ya Nairuzi niliyoitaja mwanzo. Mwaka wake una miongo 36 na siku tano za ziada, jumla siku 365, na kwa kuwa hauna siku ya kujazia kila mwaka wa nne, siku yake husogea polepole dhidi ya kalenda ya Kizungu. Anayependa anaweza kuhesabu miongo pembeni ya ukurasa kuanzia siku hiyo. Mimi hufanya hivyo kwa penseli.

Weka pia sikukuu zisizotangazwa na mtu: siku mkrismasi wa njia panda ulipotoa ua la kwanza, siku embe za kwanza zilipofika genge la mtaa, na ile siku ambayo jua la adhuhuri linasimama juu ya utosi. Kwa Unguja, iliyoko nyuzi sita na kidogo kusini mwa Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mnamo tarehe 9 Oktoba. Simamisha fimbo wima katika adhuhuri ya siku hizo na kivuli chake kitakuwa chini yake.

Hatua ya sita: jambo la historia

Sehemu hii huharibika haraka kuliko zote, kwani orodha za “siku kama ya leo” ni nyingi na aghalabu zinanakiliana makosa. Chagua jambo moja tu, liwe na mwaka na mahali, lithibitishwe na vitabu viwili visivyotegemeana, na liwe na uhusiano na ardhi unayoikanyaga au hewa unayoivuta. Vita vya Unguja vya 27 Agosti 1896, kwa mfano, vilianza mnamo saa tatu asubuhi, na vitabu havikubaliani kama vilichukua dakika 38 au 45. Andika kwamba havikufika saa moja, nawe hutakuwa umesema uongo.

Historia inayofungamana na upepo ndiyo inayolipa. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na kufika Calicut, huko India, tarehe 20 Mei, chini ya mwezi mmoja, kwa kuwa pepo zilikuwa upande wake. Aliporudi hakungoja kaskazi ikae sawa, akatoka mwanzoni mwa Oktoba, na kuvuka kule kule kukachukua karibu miezi mitatu na roho za mabaharia wengi. Ukiiweka habari hiyo katika ukurasa wa 24 Aprili, kumbuka kwamba tarehe hizo ni za kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku tisa wakati huo, kwa hiyo kwa hesabu ya leo aliondoka tarehe 3 Mei, na mistari yako mwenyewe juu ya kuanza kwa kusi itakuonyesha kama rubani wake alijua alifanyalo.

Vivyo hivyo kwa dhoruba. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mingi na kuzamisha vyombo bandarini, huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika karafuu. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kingine kilifika Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Matatu hayo yakiwa katika kurasa zinazokaribiana, utaona kwamba yote yameangukia Aprili na mwanzo wa Mei, pepo zinapobadilishana. Usikimbilie kusema zaidi ya hapo. Wataalamu huhesabu wastani wa hewa kwa miaka 30, kwa sasa ile ya 1991 hadi 2020, na leja ya miaka mitano haina haki ya kutangaza kwamba hali ya hewa imebadilika, hata mwenye leja akiwa na hakika nayo moyoni.

Hatua ya saba: fikra

Mistari miwili inatosha, na iegemee kitu cha siku hiyo. Fikra inayoelea, kwamba maisha ni mafupi au watu hawaaminiki, ukiisoma baada ya miaka mitatu hutajua iliandikwa na nani. Watu watajwe kwa herufi au kwa nasaba, mjomba, jirani wa kushoto, kwa kuwa leja itakuja kusomwa na wengine. Hiki ni chumba changu cha 9 Oktoba, kama kilivyo:

“2022. Jumapili, Mfungo Sita 12, 1444. Hapana mvua, siku ya 19. Mawingu mbili za nane, upepo wa majani tu, kusi imechoka. Bamvua, maji yamepwa hadi jiwe la tatu. Fimbo haina kivuli saa sita na dakika kumi. Uganda ilipata uhuru siku hii, 1962. Maulidi yamesomwa usiku wa kuamkia leo. Bibi amesinzia katikati ya kasida na mkono wake umeendelea kupiga pigo bila kukosea.”

Hatua ya nane: saa ya kuandika, na siku zilizopotea

Andika baada ya isha, mahali pamoja, kalamu zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye leja kwa uzi. Kipimo cha saa tatu asubuhi kiandikwe kwanza kwenye karatasi iliyotundikwa mlangoni, kwa sababu hakuna anayekumbuka milimita hadi usiku.

Siku itapita hukuandika. Usiijaze kesho yake kwa kubuni, wala usiombe hewa ya jana kwa jirani ukaiandika kwa wino mweusi. Andika “sikuandika” na sababu ikiwa ipo, safari, homa, msiba. Katika leja yangu ya kwanza kuna vyumba 61 vya namna hiyo, na 14 vimefuatana mwezi wa Juni 2023, navyo vinaeleza mwezi ule vizuri kuliko ambavyo ningeueleza mimi.

Ukurasa wa 29 Februari utabaki na nafasi tupu nyingi. Wangu una vyumba viwili tu vilivyoandikwa, Jumamosi ya 2020 na Alhamisi ya 2024. Vyote viwili vinataja kaskazi na kikohozi cha mtu yule yule, aliyekuwa akilala chumba cha pili cha nyumba yetu na ambaye sasa hayupo.